Saido na funzo la Geita: kiungo mkongwe achezeshwe wapi?

Katikati ya mwaka 2022 Geita Gold ilimsajili Saidi Ntibazonkiza, Mrundi ambaye mashabiki wa Tanzania walishamzoea kwa jina la Saido. Alikuwa na miaka 35. Alitoka Yanga, ambayo msimu wa 2021/22 ilikuwa imetwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja, na maneno yaliyomfuata yalikuwa yale yale yanayomfuata kila mchezaji wa umri huo akiondoka klabu kubwa za Kariakoo: amechoka, anakwenda kumalizia mpira mkoani. Msimu wa 2022/23 ulipokwisha, Saido alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu akilingana na Fiston Mayele wa Yanga, kila mmoja na mabao 17. Baadhi ya mabao hayo aliyafunga na jezi ya Geita, mengine na ya Simba, iliyomchukua dirisha dogo la Desemba. Katika mechi yake ya kwanza Simba, dhidi ya Tanzania Prisons mwishoni mwa Desemba 2022, alifunga matatu, timu ikashinda 7-1. Juni 2023, akiwa ameshatimiza 36, aliifunga Polisi Tanzania matano peke yake katika ushindi wa 6-1.

Wengi walilieleza jambo hilo kwa kusema ana kipaji, wakaishia hapo. Kipaji anacho, hakuna ubishi. Lakini kipaji hicho hicho alikuwa nacho akiwa na miaka 25, na wakati huo hakuwa akiongoza orodha ya wafungaji popote. Miguu yake ilikuwa na kasi zaidi, mapafu yalikuwa makubwa zaidi, na bado mabao ya namna hii yalikuja baadaye. Kwa mtu anayesoma mchezo kutoka benchi la ufundi, swali lenye faida ni hili: alichezeshwa wapi, na ni kazi gani aliyoondolewa?

Mpira wetu una kanuni isiyoandikwa kuhusu umri. Winga akipungua kasi anarudishwa kuwa beki wa pembeni. Namba 10, kiungo mshambuliaji, akianza kuchelewa anashushwa namba 8, kisha namba 6, kiungo mkabaji. Namba 6 akizidi kuchoka anapelekwa beki wa kati. Hoja inayotolewa ni kwamba ukiwa nyuma unauona uwanja wote, na kwa kuwa mkongwe ana akili ya mchezo, akae pale asome na kugawa mipira. Inasikika vizuri. Naamini imewamaliza viungo wengi kabla ya wakati wao, na ukanda wa dhahabu na almasi, kuanzia Mwadui na Shinyanga mjini hadi Geita, unatupa mifano ya kutosha ya kuijadili, maana klabu zake zimekuwa zikiwapokea wakongwe kwa zaidi ya miaka 10.

Tuanze na mwili, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokosea hesabu. Kiungo wa ligi ya ushindani hupita kilomita 10 hadi 12 katika mchezo mmoja. Mchezaji wa miaka 35 aliyejitunza anazifikisha, na pengine akamzidi kijana mvivu. Kwa hiyo shabiki akisema mzee bado ana pumzi, mara nyingi anasema kweli. Shida iko katika sehemu ndogo ya kilomita hizo, kama moja ya kumi hivi, ambayo hukimbiwa kwa kasi kubwa: kumfukuza winga aliyetoroka, kuwahi mpira wa pili, kupanda na shambulizi kisha kurudi likipotea. Misuli yetu ina nyuzi za namna mbili kuu, za taratibu zinazodumu na za kasi zinazolipuka. Umri unaanza na zile za kasi. Nazo pumzi zinapungua: kwa mtu wa kawaida, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka kwa takriban asilimia 10 kila miaka 10 baada ya kufika 30, na kwa mwanamichezo anayefanya mazoezi makali hushuka taratibu zaidi.

Mkongwe, basi, bado anaweza kukimbia mara moja kwa kasi inayowashangaza watu. Kinachomshinda ni kurudia. Mbio ya kwanza ya mita 40 anaiweza. Akitakiwa kukimbia nyingine baada ya nusu dakika, na ya tatu kabla hajavuta pumzi, hapo ndipo umri wake unaonekana. Ukiwa jukwaani utaona mikono imeshika kiuno na macho yanaangalia ardhi, na kwa muda huo mtu wake yuko huru.

Kuna hesabu nyingine ambayo mashabiki hawaipendi. Katika dakika 90, mchezaji mmoja hukaa na mpira miguuni dakika mbili au tatu tu kwa jumla, wengine hata hawafiki huko. Zile pasi za Saido tulizokuwa tukizishangilia zilikuwa zimebanwa ndani ya dakika hizo. Muda wote uliobaki mchezaji yuko bila mpira, na kocha anayempanga mkongwe anapaswa kufikiria muda huo kabla ya kitu kingine chochote. Akiwa na mpira atajua la kufanya, hilo halihitaji mjadala. Asipokuwa nao, je, mahali nilipomweka panamdai mbio anazoziweza au zile alizokwisha kuzipoteza?

Kwa kipimo hicho, ile kanuni ya kumrudisha nyuma inaanza kuyumba. Namba 6 wa leo hakai akigawa mipira kwa utulivu. Timu yake ikipoteza mpira mbele, yeye ndiye mtu wa kwanza kukutana na shambulizi la kushtukiza, mara nyingi akiwa peke yake, mabeki wa pembeni wote wamepanda, na mbele yake wanakuja vijana wawili wenye miaka 21. Ana eneo la kulia na kushoto la kulinda, na hana wa kumfidia akipitwa. Kosa la namba 10 linapoteza nafasi ya kufunga. Kosa la namba 6 linampeleka adui mbele ya kipa. Ukimshusha fundi wa miaka 34 pale, kwa kuwa tu anapiga pasi ndefu nzuri, umempa kazi inayodai kitu kile kile ambacho umri umemnyang'anya, na umemnyima kitu alichobaki nacho, yaani mguso wa mwisho karibu na goli.

Namba 8, yule anayetoka boksi moja hadi jingine, ndiyo nafasi mbaya kuliko zote kwa mkongwe, na hilo halina haja ya maelezo marefu.

Sasa mtazame Saido. Huko Ulaya, alikopita NEC Nijmegen ya Uholanzi, Cracovia ya Poland, Akhisar Belediyespor ya Uturuki na Caen ya Ufaransa, alijulikana zaidi kama winga. Winga hukimbia kwenye mstari, humvuka beki, hupiga krosi, halafu hurudi mbio kumsaidia beki wake wa pembeni. Ni nafasi ya mbio nyingi za kurudia. Aliporudi Afrika Mashariki, taratibu aliingia ndani ya uwanja. Tulimwona akipokea mpira kati ya viungo wakabaji na mabeki wa kati wa timu pinzani, akiwa amegeuka nusu kuelekea goli, mita 20 au 25 kutoka golini. Hakurudishwa nyuma. Alisogezwa ndani, na pale ndani mita za kukimbia ni chache na thamani ya kila mguso ni kubwa.

Hii ndiyo hoja yangu yote: mchezaji mbunifu akizeeka asogezwe karibu na goli na karibu na katikati, na mbio zake wapewe wengine.

Mfano mashuhuri duniani ni Ryan Giggs wa Manchester United, aliyeanza mwaka 1991 akiwa winga wa kasi na kumaliza mwaka 2014 akiwa na miaka 40, miaka yake ya mwisho akicheza zaidi ndani, katikati ya uwanja. Kuna msomaji atanitajia Andrea Pirlo, kwamba yeye alishushwa nyuma na akawa mkubwa zaidi. Ni kweli, lakini tuangalie vizuri. Carlo Mazzone alimshusha Pirlo kule Brescia mwaka 2001, mbele kukiwa na Roberto Baggio, na Pirlo alikuwa kijana wa miaka 21. Alikulia katika nafasi ile. Alipofikisha miaka 33 na kuiongoza Italia hadi fainali ya Euro 2012, alikuwa ameshaifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 10, na kila timu iliyomtumia ilimpa wakimbiaji pembeni yake. Tofauti ni kubwa kati ya mtu aliyezeekea katika nafasi yake na mtu aliyehamishiwa nafasi ngeni kwa sababu ya uzee.

Geita yenyewe inatoa mfano wa yule aliyezeekea mahali pake. Timu ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2021, katika safu ya ulinzi ilikuwa na Kelvin Yondani, beki wa zamani wa Simba na Yanga aliyezaliwa mwaka 1984. Yondani alikuwa beki wa kati tangu zamani. Alijua asimame wapi kabla mpira haujapigwa, na hakuna aliyemwomba ajifunze kazi mpya. Msimu huo wa kwanza, chini ya kocha Fred Felix Minziro, naye beki wa zamani wa Yanga, Geita ilimaliza nafasi ya nne na George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, moja zaidi ya Mayele. Timu iliyotoka daraja la chini ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ndiyo timu aliyoikuta Saido: yenye mkongwe nyuma anayejua kazi yake, na yenye vijana wa kukimbia.

Hebu tulisogelee jambo lenyewe tuone mkongwe anafanya nini hasa. Siku nyingine ukiwa uwanjani, usiutazame mpira. Chagua kiungo mmoja mwenye umri mkubwa, mtazame sekunde tatu kabla mpira haujamfikia. Beki wake yuko na mpira, anajiandaa kutoa pasi. Kiungo kijana anautazama mpira huo moja kwa moja, amesimama ameukabili, mgongo kwa goli la adui. Mkongwe anageuza kichwa: jicho la haraka begani kushoto, kisha kulia, kisha anarudi kwenye mpira. Pasi ikiwa njiani anageuza tena. Miguu yake haiko sambamba, mmoja uko nyuma kidogo, na nyonga imefunguka kuelekea mbele. Mpira unapofika anaugusa kwa mguu ulio mbali, unapita mbele ya mwili wake, na tayari ameshageuka. Aliyekuwa anamkaba amefika, lakini amekuta hewa. Pale hapakuwa na kasi yoyote. Muda alioupata aliununua kabla ya mpira kufika.

Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, ametumia miaka mingi kurekodi vichwa vya viungo wa Ulaya kwa kamera inayomfuata mchezaji mmoja tu. Alichokiona ni kwamba wale wanaogeuza kichwa mara nyingi zaidi kabla ya kupokea mpira ndio wanaofikisha pasi zao mara nyingi zaidi, hasa za kwenda mbele. Uwezo huu haumo katika nyuzi za misuli. Mchezaji anaweza kuwa nao akiwa na miaka 36 kama alivyokuwa nao akiwa na 26, na kwa kawaida anakuwa nao zaidi, kwa sababu kwa kila picha anayoiona ameshaona nyingine elfu zinazofanana nayo. Lakini lazima awekwe mahali ambapo kuona mapema kunazaa kitu. Kiungo akiona mapema akiwa mita 60 kutoka golini, anapata pasi salama. Akiona mapema mita 22 kutoka golini, anapata bao au pasi ya bao.

Halafu kuna mipira iliyokufa. Kona, faulo, penalti. Katika soka kwa ujumla, robo hadi theluthi ya mabao hutokana na mipira hiyo, na kwa timu ya mkoani inayokwenda Dar es Salaam kujilinda, sehemu hiyo inaweza kuwa tegemeo lote la mchezo. Ni sehemu pekee ya mpira ambayo mwenye miaka 36 na mwenye miaka 20 wanaanza sawa. Mpira umetulia, hakuna anayekukaba, unavuta pumzi unavyotaka. Kinachotakiwa ni mguu uliozoea na moyo usiotetemeka. Saido alikuwa navyo vyote viwili. Kuna makocha wanaouona upigaji wa faulo kama nyongeza tu. Mimi naona kwamba kwa klabu yenye bajeti ndogo, mpigaji mzuri wa mipira iliyokufa ni usajili wa thamani hata kama kwa dakika zilizobaki anatembea tu, ilimradi timu imejipanga kwa ajili ya kutembea huko.

Na kujipanga ndiko kunakosahaulika. Mkongwe akikaa namba 10 na hakabi kwa mbio, kazi ya kukaba haijatoweka. Imehama. Lazima kuwe na watu wawili nyuma yake, mmoja wa kukaa na mmoja wa kufukuza, wenye mapafu ya kufidia. Mshambuliaji wa kati lazima awe wa kwanza kumsumbua beki mwenye mpira, ili mkongwe abaki na kazi moja tu ya ulinzi: kusimama kwenye njia ya pasi inayokwenda kwa namba 6 wa adui. Kazi hiyo haihitaji mbio, inahitaji kujua pa kusimama. Winga wa upande wake lazima arudi kila mara. Hii ni mikataba minne au mitano ya ndani ya timu, na isiposemwa wazi mazoezini, wenzake huanza kunung'unika kwamba mzee anabebwa. Wakielezwa kwamba wao wanakimbia ili yeye awape mipira ya kufunga, manung'uniko hupungua, hasa mabao yakionekana.

Tuvuke sasa twende upande wa Shinyanga, kwenye mfano mgumu zaidi. Mwaka 2015 Mwadui FC ya Kishapu, timu iliyozaliwa kando ya mgodi wa almasi wa Williamson, ilipanda Ligi Kuu ikiwa na kocha Jamhuri Kihwelo, maarufu kama Julio. Julio aliwakusanya pale wachezaji waliokuwa na majina makubwa nchini: Nizar Khalfan, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani akiwa na Vancouver Whitecaps, Athuman Iddi, yule Chuji wa Simba na Yanga, Jabir Aziz, na Jerry Tegete mbele. Watatu wa kwanza ni viungo. Kwa timu ngeni kwenye ligi, uzoefu huo ulikuwa mtaji wa kweli, na Mwadui ilidumu Ligi Kuu hadi ilipoteremka mwishoni mwa msimu wa 2020/21. Misimu sita si haba kwa timu ya Kishapu.

Lakini mfano huu unatufundisha swali ambalo kila kocha wa ukanda huu anapaswa kujiuliza siku anapoletewa orodha ya majina. Chuji alikuwa mkabaji tangu ujana wake, kwa hiyo kuzeekea namba 6 kwake ni sawa na Yondani kuzeekea beki wa kati. Nizar alikuwa mtu wa kushambulia, mwenye shuti na kasi ya kuingia boksi. Huyu thamani yake iko juu, karibu na goli. Wote wawili wanaweza kuingia katika kikosi kimoja. Ukimwongeza wa tatu wa umri huo katika safu ile ile ya kiungo, ndipo unapojiuliza nani atakimbia. Safu ya watu watatu inaweza kumbeba mkongwe mmoja kwa raha. Inaweza kuwabeba wawili kama wa tatu ana mapafu ya ajabu na mabeki wa pembeni hawapandi ovyo. Watatu haiwezi, hata wawe mafundi kiasi gani.

Stand United, Chama la Wana, timu iliyotokana na watu wa stendi ya mabasi Shinyanga mjini, nayo ilipitia njia hiyo. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, ikapata udhamini wa Acacia iliyokuwa ikiendesha migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, na ikamsajili Amri Kiemba. Wengi tunamkumbuka Kiemba kwa Juni 2013, alipoifungia Taifa Stars bao kule Marrakech dhidi ya Morocco, na siku nane baadaye akaifunga Ivory Coast ya Yaya Toure dakika ya kwanza tu pale Uwanja wa Taifa. Alikuwa kiungo aliyejua kufika mbele kwa wakati. Mchezaji wa namna hiyo akifika Uwanja wa Kambarage, Shinyanga, miaka miwili baadaye, jambo la kwanza la kumlinda ni ruhusa yake ya kufika mbele. Anaweza kufika mara tano badala ya mara 15, lakini zile tano zisichukuliwe zikapelekwa kwenye ukabaji. Kiemba leo ni mchambuzi redioni, na ukimsikiliza unaelewa upesi kwamba hawa watu walikuwa wakicheza kwa kichwa muda mrefu kabla miguu haijaanza kuwadai.

Jambo jingine linalouhusu ukanda wetu hasa ni safari. Makocha wa Ulaya wanapopanga dakika za mkongwe wanahesabu siku za kupumzika. Huku lazima uhesabu na barabara. Kutoka Geita hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa miaka mingi timu ikitoka Mwanza kwenda Geita ililazimika kusubiri kivuko pale Kigongo na Busisi, hadi Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025. Misuli ya mchezaji yeyote inahitaji takriban saa 72 kurudi katika hali yake baada ya mchezo mgumu. Kwa mwenye miaka 35 muda huo huelekea kurefuka, na ukimkalisha kwenye kiti cha basi siku nzima, magoti yamekunjwa na mgongo umebanwa, unampokea akiwa mzito kuliko alivyomaliza mchezo. Klabu isiyoweza kulipia ndege kwa timu nzima inaweza angalau kukata safari mara mbili, ilale njiani Singida au Dodoma, na kumpa mkongwe siku moja ya bwawa la kuogelea au kutembea badala ya mazoezi ya mbio. Hizo ni gharama ndogo kuliko mshahara wake.

Viwanja navyo vina neno. Pale ambapo majani ni haba na ardhi ni ngumu, mpira unadunda na kukimbia, na mipira ya pili inakuwa mingi. Mchezo wa mipira ya pili ni mchezo wa vijana. Katika uwanja kama huo sioni aibu yoyote kwa kocha kumwanzisha mkongwe benchi na kumwingiza dakika ya 60, wapinzani wakiwa wameshachoka na nafasi kati ya safu zao zimefunguka. Kwetu benchi linachukuliwa kama adhabu, na mkongwe mwenye jina akianzia pale siku ya pili magazeti yanaandika kuna mgogoro. Makocha wanapaswa kuwa na ujasiri wa kulieleza mapema, kabla ya msimu kuanza, na mchezaji mwenyewe akiwepo. Mkongwe mwenye busara atakubali dakika 30 za kuamua mchezo kuliko dakika 90 za kuzomewa.

Kuna faida nyingine, nayo haionekani kwenye msimamo wa ligi. Kijana wa Geita, Kahama au Kishapu anayecheza namba 10 hana video za kutosha, hana mchambuzi, mara nyingi hana hata kocha wa pili. Akifanya mazoezi kwa miezi minne pembeni ya mtu aliyecheza Uholanzi na Ufaransa, anajifunza kugeuza kichwa kwa kumwona mwenzake akifanya hivyo kila siku. Anaambiwa, dogo, usisimame umeukabili mpira, fungua mwili. Maneno kama hayo yakisemwa na mtu aliyetoka kufunga Jumamosi yanaingia kuliko semina ya wiki mbili. Ndiyo maana nasikitika klabu zinapowasajili wakongwe bila kuwapangia mwanafunzi. Geita ilikaa na Saido nusu msimu tu. Alipoondoka Desemba, alichokijua aliondoka nacho, isipokuwa kile ambacho kuna kijana alikuwa karibu vya kutosha kukinyakua.

Geita Gold ilishuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2023/24, pamoja na Mtibwa Sugar. Sitasema ilishuka kwa sababu ya usajili wa wazee au kwa kuwakosa, kwa kuwa timu hushuka kwa mambo mengi yakijumlishwa. Ninachojua ni kwamba klabu za ukanda huu, za ligi yoyote, zitaendelea kupigiwa simu kila dirisha la usajili na mawakala wenye majina ya miaka 33, 34, 35. Viongozi wa klabu, msiwakatae kwa sababu ya umri, na msiwachukue kwa sababu ya jina. Kabla ya kusaini, mwiteni kocha aandike kwenye karatasi vitu vitatu: mchezaji huyu atasimama wapi timu isipokuwa na mpira, ni vijana gani wawili watakaokimbia kwa niaba yake, na atacheza dakika ngapi kwa mwezi. Karatasi hiyo ikibaki tupu, acheni fedha zenu benki.